Vitumbua 14: kisa cha mpika vitafunwa aliyeanza kuacha

Kisa hiki kilijulikana kwa hesabu. Mwanamke mmoja wa Tanga, umri miaka 41, anakaanga vitumbua na maandazi nyumbani kwake na kuwapelekea wateja wa asubuhi: vibanda viwili vya chai na shule moja. Binti yake wa kidato cha pili ndiye mshika daftari. Alfajiri anahesabu vilivyotoka karaini, anaandika, anakwenda shule. Saa moja msichana wa kazi anabeba ndoo na kusambaza. Jioni binti analinganisha daftari na fedha. Kwa wiki tatu daftari likakataa. Siku hii vimepungua 9, siku ile 11, Ijumaa moja 14. Na kama ujuavyo, kitu kikipotea kwenye nyumba yenye msichana wa kazi, mwizi huwa amepatikana kabla hajatafutwa. Baba mwenye nyumba akamwita sebuleni. Msichana akaapa, akalia, akafungasha nguo zake kwenye mfuko wa rambo na kurudi kwao, kijiji kimoja upande wa Korogwe. Muda wote huo mama mwenye nyumba alikuwa amekaa mkekani, ncha ya kanga ingali na mafuta ya vitumbua vile vile, na hakufungua mdomo.

Alikuja kwangu siku mbili baadaye. Kilichomliza si vitumbua, ni ule ukimya wa mkekani.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Naandika kwa ruhusa yake, nimebadilisha yale ambayo yangemtambulisha, na kila aya nimemsomea. Mbili alizikataa, nimezitoa. Niseme mapema pia kwamba sikuwa mtazamaji. Nilikuwa ndani ya jambo hili kwa sababu zangu, ambazo zinaitwa halua, na si kisa cha leo.

Mbele za watu alikuwa akila kama ndege. Harusini anagusa pilau, anasukuma nyama kwa mwenzake, anasema ameshiba. Kula kwake kwenyewe kulikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, binti ameshatoka, mume amerudi kulala baada ya sala. Alikula amesimama, mgongo kwenye mlango wa jiko, vikiwa vya moto hata vinamuunguza ulimi. Alikuwa na sheria yake: kilichovunjika hakihesabiwi. Kitumbua kikigandia chumani, kikichanika kinapogeuzwa, ni halali yake. Sheria hiyo ilidumu miaka. Kisha, aliniambia huku akitazama sakafu, akaanza kuvivunja mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza kama jirani nikaanza kumsikiliza kama muuguzi. Mtu mwenye njaa hahitaji kumdanganya mwenye daftari, na mpenda vitamu hahitaji kutengeneza uharibifu ili apate kisingizio.

Kiswahili kina neno la haraka kwa mtu wa namna hii: mlafi. Neno hilo linahukumu, halichunguzi. Pwani tuna lingine la kumpoza: umenawiri. Alikuwa amenawiri hadi kilo 97, na kliniki walikuwa wameshampima sukari ya damu kabla ya kula wakakuta milimoli 11.4 kwa lita; ikifika 7.0 na kurudia kipimo ikathibitika, hicho ni kisukari. Akaandikiwa dawa mbili za sukari, metfomini na glibenklamidi, akapewa karatasi yenye picha ya sahani, nusu yake mboga. Aliibandika ukutani juu ya jiko la mkaa. Nilipoiona ilikuwa imeloa mafuta hata mchicha hauonekani.

Je, ni ugonjwa? Wataalamu hawajafika mahali pamoja. Kula kupindukia kwa vipindi, mtu anakula kingi huku anajiona hawezi kusimama, kumo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013, kwa kipimo cha angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Shirika la Afya Duniani nalo limekuingiza kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11. Uraibu wa chakula kwa jina hilo haumo katika vitabu hivyo, ingawa tangu 2009 kuna dodoso la Chuo Kikuu cha Yale linaloupima kwa maswali yanayofanana na yale ya pombe na dawa za kulevya. Mimi nalipenda neno letu lenyewe. Uraibu kwa wazee wa Pwani ni tambuu: kile kidogo unachokitia mdomoni si kwa njaa, na ukikikosa siku hiyo haikai sawa. Nilipomwambia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza. Bibi yake alikuwa mla tambuu, akificha kijaluba chake chini ya mto.

Binamu yangu aliye London alikuwa ameshanipa njia ya kuingia, kwa simu, kwenye mikutano ya Overeaters Anonymous, yaani wala-kupita-kiasi wasiotajana majina. Ni chama cha watu wenyewe kwa wenyewe. Hamna daktari mwenyekiti wala ada ya kuingia. Kilianzishwa Los Angeles mwezi Januari 1960 na mwanamke anayejulikana kwa jina la Rozanne S. pamoja na wenzake wawili. Miaka miwili nyuma alikuwa amehudhuria mkutano wa wacheza kamari waliotaka kuacha. Akiwasikiliza wanavyoficha, wanavyoapa na kurudia, akajisikia anasimuliwa habari zake na sahani. Hatua zao 12 za kuacha ni zile za chama cha walevi wanaoacha pombe, kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, zimebadilishwa kidogo. Sharti la uanachama ni moja: uwe unataka kuacha kula kusikozuilika. Mlo hawakupangii, kila mtu anaupanga wake pamoja na mtaalamu wake.

Jumatano moja ya Julai, saa tatu usiku, tulikaa chumbani kwangu, simu tumeiegemeza kwenye mto, mimi namnong'oneza tafsiri. Yaliyosemwa mle yanabaki mle. Naweza kusema yaliyotokea upande wetu: dakika ya kumi hivi, mama mmoja wa mbali akizungumza, mwenye kisa wangu alinikamata mkono akaubana hadi ukaniuma, na hakuuachia mpaka yule alipomaliza.

Alikataa kusema lolote usiku huo, na sababu yake ilikuwa nzito. Mola alishamsitiri, kwa nini ajifichue mwenyewe? Hili walioandika hatua 12 hawakulifikiria. Jina la Mungu lililomo kwenye hatua hizo, ambalo wengine huko ndilo linalowakwaza, kwake halikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa sitara. Alikwenda kwa mke wa ustadhi wa mtaani, bila kutaja kuwa mhusika ni yeye, akauliza. Akajibiwa kuwa anayesimulia maovu kwa kujigamba ni mmoja, anayemwonyesha tabibu kidonda ni mwingine. Jumatano iliyofuata akafungua kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili, sentensi nne. Nikatafsiri. Zikatoka sauti kadhaa zikimshukuru, na moja ikamshukuru kwa Kiswahili cha Pemba.

Huyo Mpemba, anayeishi Uingereza miaka mingi, ndiye aliyekubali kumshika mkono. Kwao huitwa mdhamini, neno ambalo kwetu linanuka mkopo na kukamatiwa friji. Mwenye kisa akamwita somo, kama mwali anavyomwita anayemfunda, na likakaa vizuri. Somo alimpa agizo moja tu la kuanzia: upige simu kabla, si baada. Baada ya kula unapiga kuomba msamaha, na msamaha ukishapewa kesho unarudi. Kabla ya kula unapiga ukiwa bado una mkono mtupu.

Agizo zuri, likakwama siku ya kwanza. Saa kumi na mbili asubuhi Tanga, London ni saa kumi usiku. Somo amelala, na huo ndio muda wa hatari. Ndivyo nilivyoingia mimi. Tukakubaliana atanibipu, kwa kuwa mikono ina unga na bando ni la kuhesabu, nami nitampigia. Asubuhi ya kwanza alibipu mara tatu. Tulizungumza habari za nazi kupanda bei. Hatukuzungumzia kula hata kidogo, na dakika 20 zikapita.

Mlevi anayeacha anaambiwa abadili njia asipite kwenye baa. Huyu baa yake iko nyumbani, ndiyo inayolipa ada ya shule, na anatakiwa aifungue kila siku saa kumi usiku. Tulitazama jiko lake kama tunavyotazama wodi yenye maambukizi: uchafu unaingilia wapi? Mambo mawili yakabadilika. Anakula kifungua kinywa chake kabla karai halijapata moto, amekaa, kwenye sahani: yai, kipande cha muhogo au kiazi, chai isiyo na sukari. Na binti akaongeza safu kwenye daftari, "vilivyovunjika". Vinahesabiwa, vinatiwa bakuli lenye kifuniko, vinapelekwa kwa watoto wa jirani. Safu hiyo iliandika 12 siku ya kwanza. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa 2. Chuma kilekile, unga uleule. Binti aliitazama, akanitazama mimi, na nadhani siku hiyo alijua kila kitu.

Siku ya tisa nusura tumpoteze, nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo kikundi kilipokosea. Saa nne asubuhi alianza kutetemeka. Jasho jembamba, moyo mbio, kichwa chepesi, na tamaa ya kitu kitamu kama hajawahi kuiona. Akaandika kwa wenzake wa mkutano. Wakamjibu kwa upendo, wote: ni mwili unadai, vumilia, kunywa maji, itapita. Yeye mwenyewe aliniambia kwa simu, "Dada, leo nimeshikwa na arosto." Sauti yake ilikuwa inaburuta. Nilimuuliza dawa ya sukari umekunywa? Nimekunywa. Umekula nini? Yai tu, muhogo aliuacha, alitaka kuongeza bidii.

Glibenklamidi inasukuma kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu. Dozi ile ilipangwa kwa mtu anayekula vitumbua 14 kwa siri, daktari asijue. Vitumbua vimeondoka, dozi imebaki. Nilifika na kipimo changu: 3.1. Chini ya 3.9 ni hatari. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji nikampa. Akaifunga midomo. Siku tisa hajagusa sukari, na mtu anayemwamini ndiye anayemletea glasi! Ilibidi nimwambie kwa ukali wa wodini, kunywa, hii leo ni dawa. Akanywa analia. Baada ya dakika 15 tukapima, 4.6, akala ndizi na kipande cha mkate. Wiki hiyo daktari aliipunguza ile dawa, na baadaye akaiondoa kabisa ikabaki metfomini.

Wenzake hawakuwa na ubaya. Walijibu kutokana na walichopitia, na ndiyo kazi yao; kusoma vidonge vya mtu si kazi yao. Ila mwenye kisukari au presha anayeanza safari hii bila kumwambia daktari kwamba mlo wake umebadilika, tena amwambie ulikuwaje kwa kweli, yuko kwenye hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia.

Jambo la sinia lilikuwa dogo kwenye maandishi na kubwa nyumbani. Vitabu vya wenzetu vinadhani kila mtu ana sahani yake. Nyumbani kwa mwenye kisa wanakula watu saba kwenye sinia moja, na mama ndiye anayesukumia wengine vipande. Alipojipakulia pembeni siku ya kwanza, wifi yake aliuliza kwa sauti kama amewakinai. Alijibu kuwa ni masharti ya daktari wa sukari. Ilikuwa nusu ya kweli, na ilitosha.

Mwezi Agosti tulikuwa wanawake watano, tukikutana kwangu Jumapili baada ya alasiri. Hatukujiita jina. Na kwa kuwa sote ni watu wa vikoba, tulifanya tunachokijua: daftari, mweka hazina, kisanduku cha bati, na faini. Aliyekula nje ya mpango wake, shilingi 1,000. Mimi ndiye niliyelitoa wazo hilo, na nililiona la busara sana. Wiki ya kwanza kisanduku kilipata 3,000. Ya pili, 1,000. Ya tatu na ya nne, sifuri. Tukapongezana. Ukituangalia, gauni zilikuwa zinatubana kama zamani, lakini kisanduku kilisema sisi malaika.

Wiki ya tano mwenye kisa aliweka noti ya 5,000 katikati ya mkeka. "Hii ni ya wiki hii," akasema. "Za wiki mbili zilizopita nitazileta nikizipata." Hakuna aliyejibu. Kisha mwenzetu mmoja akaanza kutafuta pochi yake. Nikafuatia mimi.

Kwenye kikoba faini inafanya kazi kwa sababu hisa inaonekana, hukuleta, hukuleta. Kula hakuonekani. Ukitoza faini kwa kula, umemfundisha mtu kuficha, na kuficha ndiko alikokuja kukuacha. Tulizirudisha fedha na kisanduku kikawekwa sindano. Tangu siku hiyo swali la kwanza la kikao likawa: nani alipiga simu? Aliyekula akapiga anahesabiwa amehudhuria. Aliyekaa salama wiki nzima bila kumpigia mtu tunamuuliza zaidi.

Oktoba, mwisho wa mwezi, saa za Uingereza zinarudishwa nyuma, jambo ambalo sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuna habari nalo. Mkutano wa saa tatu usiku ukawa wa saa nne bila mtu kutuambia. Nilikuwa msibani Pangani. Aliingia peke yake saa tatu, akakuta hakuna mtu. Akasubiri dakika 20. Akajiambia kwamba wamekihama chumba, au wamemchoka na Kiswahili chake cha kutafsiriwa. Nyumbani kulikuwa na beseni la maandazi ya oda ya hitima ya kesho yake.

Simu yangu ililia saa nne kasoro. Hakubipu, alipiga. "Dada, nimekula sita, la saba liko mkononi."

Niliondoka kwenye jamvi la matanga nikasimama nyuma ya nyumba. Sikumwambia aliweke. Nilimuuliza lina iliki? Akasema lina iliki. Nikamuuliza limepoa? Limepoa. Tukakaa kimya, nasikia anavyopumua. Mwisho akasema, "Nimelirudisha, lakini limebonyea." Nikamwambia basi kesho liandikwe kwenye safu yake. Somo aliposimuliwa alisema hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko zile siku zote 60 na kitu alizokuwa amezihesabu kabla: miaka yote alikuwa anamaliza beseni kwanza. Mimi nakubaliana naye, ingawa mwenye kisa mwenyewe alizililia sana zile siku.

Leo ana kilo 89. Sukari ya asubuhi inacheza kati ya 6 na 7, mara chache inaruka. Ramadhani ilimtesa kuliko Oktoba. Mchana mzima salama, na futari ikitandikwa mikono inamtetemeka kwa kaimati. Alianguka mara mbili mwezi huo, akapiga mara zote mbili.

Imebaki safari ya Korogwe, ambayo kwa mpangilio wa tarehe ingekuwa mwezi Agosti. Kwenye hatua zile, kuwaendea uliowadhulumu ni hatua ya tisa, na somo alimshauri asikimbilie, afike kwanza. Akajibu kwamba huko kijijini msichana wa watu ameshaitwa mwizi, hawezi kumsubirisha hatua nane. Alimweleza mume wake usiku, na binti yake wakati wa chai, na Jumamosi tukapanda basi, yeye na mimi, na mshahara wa miezi miwili kwenye bahasha.

Alimwomba radhi msichana mbele ya mama yake na shangazi zake. Hakuzunguka. Alitaja idadi. Msichana alisikiliza huku akikwaruza sakafu kwa kidole cha mguu, akapokea bahasha kwa mikono miwili, na alipoulizwa kama atarudi Tanga akasema hapana, ameanza kujifunza cherehani. Mama yake hakusema kitu, aliinuka kwenda jikoni. Akarudi na birika na sahani ya maandazi, manne, yangali na moshi, akaiweka mbele ya mgeni. Mgeni akaitazama. Kukataa chakula cha mwenye nyumba, siku kama ile, ni kuibomoa radhi yenyewe.

"Mama," akasema, "haya ndiyo yaliyonileta hapa. Ningekuwa nayaweza, binti yako asingelia."

Yule mama aliiangalia sahani, akamwangalia mgeni, akaita jikoni kwa Kisambaa. Msichana akaja akaichukua. Aliporudi alikuwa na muhogo wa kuchemsha, chumvi kwenye kifuniko cha chupa, na alikaa nasi akala.